Karume asubuhi na mapema: Nguo tisa tu, na mjini unapeta

"DADA, naomba unikopeshe laki tatu, mwenye nyumba kaja juu."

Safari yetu ya Karume ilianzia hapo. Huyu ni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Kapanga chumba na sebule kule Tabata, laki moja kwa mwezi, na si mnawajua wenye nyumba wa Dar, wanataka ya miezi sita kwa mpigo. Kazi anayo, yupo mapokezi katika ofisi moja mjini. Mshahara anaupata. Sasa huo mshahara unakwenda wapi?

Nilipokwenda kwake nikalikuta jibu limekaa kwenye kiti. Kiti chenyewe hukioni. Ni rundo la nguo mpaka juu ya egemeo, nyingine zinaning'inia kwenye misumari nyuma ya mlango, nyingine zimesokotwa kwenye begi chini ya kitanda. Na bibie kasimama katikati ya chumba, khanga kifuani, saa moja kasoro, daladala inamsubiri, analalamika eti hana nguo ya kuvaa.

Jioni yake tukazihesabu. Sikutaka maneno mengi, nilimwambia tu ashike kalamu. Zikafika 63. Halafu nikamuuliza, mwezi huu umevaa zipi? Akazitenga pembeni: nane.

Kilichonitoa jasho ni rundo dogo lililokuwa kwenye begi. Magauni 11 ya kitenge, yote ya mshono wa samaki, yote na mikono ya puto, yote yamevaliwa mara moja. Msomaji wangu kama unakaa mjini hapa hunihitaji nikueleze. Ni sare. Kitchen party ya fulani, sare. Send-off, sare nyingine. Arobaini ya mtoto wa rafiki ya rafiki, sare, tena ukichelewa kulipia kitenge unasutwa kwenye grupu. Tukapiga hesabu: kitenge elfu thelathini, fundi elfu ishirini na tano. Mara 11, jumla Sh 605,000.

Kodi yake ya miezi sita ni Sh 600,000.

Aliitazama ile karatasi kwa muda, hakusema kitu. Mimi nikamwambia laki tatu nitakupa, lakini kwa sharti. Jumamosi tunakwenda Karume kununua nguo. Akacheka. "Yaani sina kodi, halafu unanipeleka kununua nguo? Dada, uko sawa kweli?"

Niko sawa. Tatizo lake halikuwa kupenda nguo, maana hata mimi napenda kupendeza, sijifichi. Tatizo ni kwamba ana nguo 63 na hakuna hata moja inayojuana na mwenzake.

Basi Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tumeshuka kwenye daladala ya Kariakoo. Karume ni jina la mazoea tu. Lenyewe ni soko la Mchikichini, Ilala, jirani na Uwanja wa mpira wa Karume. Kama umewahi kufika pale saa saba mchana, ukasukumwa, ukakanyagwa, ukaibiwa simu, ukaapa hurudi, basi hujaliona soko. Karume ya kweli ni ya asubuhi. Unasikia zile kamba za plastiki zinazofunga belo zikikatwa, tap, tap, halafu belo linapumua na nguo zinafumuka kama mkate. Kuna harufu yake pale, ile ya dawa na ya kufungiwa muda mrefu, ambayo aliyezaliwa mjini anaijua kabla hajajua kusoma.

Wazee waliziita "kafa Ulaya". Mwanzo zilikuwa za kuvaa kwa kificho, watu wanasingizia wametumiwa na ndugu. Zilifurika kuanzia katikati ya miaka ya 1980, serikali ilipolegeza masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje, baada ya miaka ya foleni ambapo kupata kitambaa cha suruali kulihitaji kumjua mtu. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuzipunguza hadi zitoweke, Marekani ikanuna, Rwanda peke yake ikakaza na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu yake ya kuuza nguo huko bila ushuru. Sisi huku mabelo yakaendelea kushuka. Hata moto haukuzimaliza: alfajiri ya Januari 16, 2022 soko hili liliungua, watu wakapoteza mitaji ya maisha yao yote, na waliobaki na nguvu wakaanza upya palepale penye majivu.

Sasa twende kwenye meza.

Mwenye belo kalinunua bila kuona ndani. Kwake ni bahati nasibu. Akishalifungua anachambua haraka haraka: zilizo safi kabisa zinatundikwa juu, hizo ndizo gredi ya kwanza, na bei yake anakutajia bila kukutazama usoni. Za kati zinapangwa mezani. Zilizobaki zinamwagwa chini kwenye turubai, kijana anapanda juu ya stuli anaanza kuimba, "Buku, buku, buku! Chagua uvae, buku!"

Mguu wa mdogo wangu ulikwenda moja kwa moja kwenye turubai. "Dada! Gauni kwa buku!" Nikamshika mkono. Tukalinyanyua lile gauni pamoja. Lastiki ya kiunoni imekufa, makwapa yamekauka kama karatasi, rangi imebaki mbele tu. Ukilifua mara tatu limekuwa tambara la deki. Hiyo buku umelipia deki, hukununua nguo. Na ndivyo zilivyoingia zile nyingi za kwenye kiti, moja moja, kila Jumamosi, buku hapa, buku mbili pale, hakuna iliyouma, mpaka mwenye nyumba alipogonga mlango.

Namna ya kukagua nilifundishwa na marehemu mama, ambaye hakuwahi kuwa na nguo zaidi ya zilizoenea sanduku moja la bati. Geuza nguo ndani nje. Usianzie mbele, mbele kila nguo inakutania. Anzia makwapani, kisha kwenye kola, kisha makalio na katikati ya mapaja, huko ndiko kitambaa kinakochoka kwanza. Inyanyue uitazame dhidi ya mwanga wa jua. Tundu dogo la nondo halijifichi juani. Vuta mshono kwa vidole viwili uone kama nyuzi zinaachia. Fungua na kufunga zipu mara tatu. Halafu tazama ndani ya mshono na kwenye pindo, je, kuna kitambaa cha akiba? Nguo yenye akiba fundi anaweza kuipanua, kuirefusha, kuiokoa. Ile iliyokatwa mpaka ukingoni haina msamaha, ukinenepa kilo mbili imekwisha.

Chumba cha kujaribia hakuna. Ndiyo maana nilimwambia avae taiti na fulana ya kubana, ajaribie juu yake mbele ya kadamnasi. Kwa suruali kuna ujanja wa zamani: ifunge kifungo, uzungushe kiuno chake shingoni mwako. Ncha zikikutana nyuma bila kubana wala kulegea, mara nyingi itakukaa. Kaka mmoja muuza suruali alipomwona anafanya hivyo akacheka, "Huyu anti kafundwa, leo sipati kitu."

Na kweli hakupata alichotaka. Suruali ya kitambaa, bluu iliyoiva, gredi ya kwanza, bitana mpaka magotini, alianzia elfu ishirini na tano. "Anti, hii ukivaa Jumatatu, Jumanne bosi anakupandisha cheo." Tukaondoka. Akatuita. Tukarudi. Tukaondoka tena. Ikaishia elfu kumi na tano.

Kabla hatujalipa nilimuuliza swali ambalo nilimuuliza kwa kila kitu siku ile mpaka akanichoka: hii kule nyumbani itaolewa na nani? Alikuwa ametenga zile nane zinazovaliwa, tunazijua rangi zake. Kama nguo haina wachumba watatu wanaoisubiri, irudi mezani, hata ikiwa nzuri kama malaika. Alililia blauzi moja ya rangi ya chungwa yenye mafuvu ya dhahabu, nami nakiri ilikuwa kali. Lakini haikuwa na hata mchumba mmoja. Tukaiacha. Alitembea hatua ishirini hajasema neno.

Mpaka saa mbili na nusu tulikuwa na suruali ile, shati jeupe la pamba la elfu kumi na mbili, blauzi ya kijani kibichi ya elfu nane, na koti jepesi la elfu ishirini, maana ofisini kwao kiyoyozi kinapuliza kama Makambako. Kwenye viatu tukapata moka nyeusi za ngozi, elfu ishirini na tano, soli ngumu, kisigino hakijaliwa upande. Jumla elfu themanini. Alikuwa amekuja na elfu tisini na tano.

Tulikaa kwa mama mmoja wa chai na mihogo ya kukaanga tukapumzisha miguu, na hapo ndipo nikamsimulia kuwa haya mambo hata Ulaya wameyaandikia vitabu. Mwanamama mmoja wa London, Susie Faux, alikuwa na duka lililoitwa Wardrobe, na tangu miaka ya 1970 akawa anawahimiza wateja wake wanunue nguo chache zilizo bora, zinazovalika zote kwa zote. Mwaka 1985 mbunifu Donna Karan wa New York akaja na vipande saba tu, mwanamke anavipangua na kuvipanga wiki nzima. Ila humo saba kulikuwa na sweta ya kashmiri na vazi la ngozi. Jaribu hiyo kwenye daladala ya Gongo la Mboto mwezi wa pili, utazimia kabla ya Buguruni.

Ndiyo maana nasema kila mji upige hesabu yake. Dar ni joto, ni unyevu, ni vumbi, ni kubanana. Cha kwanza hapa ni kitambaa. Na tena sina haja ya Donna Karan kunieleza nguo chache, kwa sababu bibi yangu alikuwa na doti zake za khanga na gauni moja la kutokea. Mnaikumbuka nguo ya kutokea? Ilikaa sandukuni, imekunjwa, inanukia udi, na siku akiivaa kijiji kizima kinajua kuna shughuli. Hakuna aliyemwambia "hiyo si uliivaa mwaka jana?" Hiyo kauli imezaliwa mjini, na ina umri mdogo kuliko mimi.

Kutoka Karume tukaifuata Barabara ya Uhuru kwa miguu kuelekea Kariakoo. Ukifika kwenye maduka ya khanga na vitenge, kwenye vibaraza vyake, kunasikika cherehani za kukanyaga. Huko yuko mzee wangu mmoja ambaye kanishonea tangu nasoma.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba wanangu. Mmeniletea kazi au umbea?"

Tulileta vyote. Alishika lile shati jeupe, akalisugua kwa kidole gumba, akachomoa uzi mmoja mfupi kwenye mshono wa ndani na kuwasha kiberiti. Uzi ukawaka, ukanuka karatasi, ukabaki jivu laini lililopeperuka. "Pamba hii." Kisha akamwambia mdogo wangu avute uzi kwenye blauzi aliyokuwa amekuja nayo mkobani, ya dukani, mpya, elfu thelathini na mbili. Uzi ukajikunyata, ukayeyuka, ukaacha punje nyeusi ngumu kama kichwa cha pini. "Na hiyo ni plastiki, mwanangu. Ndiyo maana unanuka jasho saa nne wakati umeoga saa kumi na moja." Mimi sisemi polista ni haramu, suruali yenye mchanganyiko kidogo haikunjamani na pasi inaishika vizuri. Ila mwilini juu, kwa joto letu hili, pamba ni pamba.

Halafu tukafungua begi. Fundi akazitazama zile sare mbili tulizozichagua, moja ya bluu na nyeupe, nyingine ya kijani na kahawia. "Mmezivaa mara ngapi hizi?" Mara moja. Akatikisa kichwa, akachukua mkasi. La kwanza akalikata kiunoni: kuanzia hapo kwenda chini sketi iliyonyooka, ule mkia wa samaki ukaondoka. La pili akalitoa mikono ya puto, akalipunguza urefu mpaka chini ya magoti, likawa gauni la kazini. Suruali ya bluu akaifinya kiuno kidogo na kuikunja pindo. Shati akalipunguza ubavuni, na hapa nataka mnisikilize, kwa sababu ndipo watu wengi wanapokosea. Shati la mtumba la elfu kumi na mbili likipita kwa fundi kwa elfu mbili linaonekana la laki. Bila fundi linaonekana la marehemu. Kazi yote ilikuwa elfu kumi. "Njoo Jumatano," akasema. Jumatano ya fundi mnaijua. Tulizipata Ijumaa.

Kwa hiyo kabatini sasa, ukiacha za ndani na za kulalia, kuna nguo tisa: za chini tatu, yaani suruali ya bluu, kadeti ya kaki aliyokuwa nayo na sketi ya kitenge, za juu nne, yaani shati jeupe, blauzi ya kijani, na mbili zilizotoka katika zile nane, shati la bluu mpauko na fulana nyeusi nzito, kisha gauni moja na koti. Tatu mara nne ni kumi na mbili. Mtu anaweza kwenda kazini wiki mbili na siku mbili bila kurudia mtindo, na akiongeza koti au ile shali ya bibi hakuna anayehesabu tena.

Na zile nyingine? Sare tisa zilizobaki zipo kwenye begi, zinasubiri zamu ya mkasi. Nne alimpa binti wa jirani. Rundo lililobaki lilikwenda kwa yule kijana anayepita mitaani akibadilisha vyombo kwa nguo kuukuu. Akatoa beseni mbili na ndoo yenye mfuniko. Mdogo wangu alitaka kulia. Mshahara wa mwaka mzima na ushee umegeuka ndoo.

Nisiwadanganye, kuna taabu yake. Nguo tisa maana yake unafua katikati ya wiki, na Tabata maji yakikatika siku tatu una kesi. Anafua jioni, anazigeuza ndani nje, anazianika kivulini, kwa sababu jua letu linakula nyeusi na bluu kuliko sabuni. Kifungo kikikatika anakishona usiku uleule, maana hakuna mbadala. Jumapili anapiga pasi zote, saa moja unusu imekwisha. Zamani, anasema, saa hiyo aliitumia kila asubuhi kutafuta blauzi.

Kilichomtisha zaidi kilikuwa midomo ya ofisini. Wiki ya kwanza kimya. Wiki ya pili mama mmoja wa uhasibu akamuuliza kama ameongezwa mshahara. Wiki ya tatu likaja lenyewe, kwenye foleni ya chai, mbele ya watu: "We si hiyo sketi uliivaa juzi?" Akamjibu, "Ndiyo, nimeifua." Ananiambia mkono ulikuwa unatetemeka na chai ikamwagikia kwenye sahani.

Kodi alilipa. Kwangu ameanza kurudisha, mwezi wa kwanza elfu hamsini.

Juzi nipo kwake, tunakula, simu ikalia. Grupu la kitchen party. Kitenge kimechaguliwa, damu ya mzee na dhahabu, elfu thelathini na tano, mwisho wa kulipia Ijumaa, asiyelipa asije kulaumu. Aliiweka simu kifudifudi juu ya meza, akamaliza ugali wake, akanawa. Kisha akaichukua, akaandika, akafuta, akaandika tena. Akanionyesha kabla hajatuma: "Mimi nitatoa zawadi ya bibi harusi. Sare nina ya dhahabu ya mwaka jana, nitaivaa hiyo."

Akatuma. Tukakaa tunaitazama ile simu kama watu wanaosubiri matokeo ya kidato cha nne.

"Wamesoma," akasema.

"Wanasemaje?"

"Hakuna anayejibu."

Akainuka, akachukua shati jeupe kwenye msumari, akachomeka pasi.